Baba mpya: kazi, ndoa na gitaa vitatoshaje ndani ya siku moja?

Baba Mpya, Kahawa West

Salaam, ndugu na dada zangu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii, hasa mnaoishi na kufanya kazi hapa Nairobi, kwa kuwa mashauri ninayopewa na wazee wa nyumbani yanatoka katika maisha ambayo baba alikuwa na shamba nyuma ya nyumba na mtoto alilelewa na boma zima.

Mimi na mke wangu tumejaliwa binti, kifunguamimba wetu, ambaye sasa ana wiki tano. Alizaliwa kwa upasuaji, na tunamshukuru Mungu kwamba mama na mtoto wanaendelea vyema. Likizo yangu ya wiki mbili ilikwisha, nikarudi kazini katika Eneo la Viwanda, ambako nasimamia ghala la vipuri vya magari. Naondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza ili niiwahi Barabara ya Thika kabla magari hayajafungana, na siku nyingi narudi saa mbili usiku. Mke wangu ni mhasibu, naye bado yumo katika likizo yake ya miezi mitatu.

Mama mkwe amekuja kutoka Machakos kutusaidia. Msaada wake hauna kipimo, lakini nyumba yetu ina chumba kimoja cha kulala, kwa hiyo yeye analala sebuleni. Mliolelewa katika adabu ya kuheshimu wakwe mtaelewa ugumu wake. Usiku siwezi kupita sebuleni kwenda jikoni kumpashia mke wangu uji nikiwa katika nguo za kulalia, na mama mkwe naye haoni vyema kujinyoosha akapumzika wakati mimi nimeketi hapo nikila. Kila mmoja anajizuia kwa ajili ya mwenziwe, na mwishowe mtoto anabaki mikononi mwa wanawake wawili hata pale ambapo mimi ndiye ninayetamani kumbeba.

Kisha kuna gitaa. Nimelipiga tangu nikiwa shule ya upili, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mpiga solo katika bendi ndogo ya benga na rumba inayofanya mazoezi kila Jumamosi mchana huko Umoja. Fedha tunazopata ni za nauli na chakula, lakini hapo ndipo ninapopumua. Tangu mtoto azaliwe sijakanyaga mazoezini. Wenzangu wamenivumilia, ila wamekwisha kupata mialiko ya harusi za Desemba na wanataka kujua kama nimo au nimetoka. Sugu za ncha za vidole vyangu vya kushoto zimelainika, na jioni moja nilipolishika gitaa nyuzi ziliniuma kama zinavyomuuma mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Jambo hilo lilinihuzunisha kuliko nilivyotarajia.

Nampenda mke wangu, nampenda mtoto, na kazi siwezi kuichezea kwa kuwa kodi ya nyumba inaitegemea. Ninachouliza ni namna mlivyogawa muda mlipokuwa katika miezi hii ya mwanzo, na kama ni haki kwa mwanamume kutaka kubaki na kitu chake mwenyewe wakati huu, au ni jambo la kuachwa mpaka mtoto akue. Pia nisaidieni: nimwelezeje mke wangu huzuni hii bila kuonekana kwamba naupima muziki na mtoto katika mizani moja?

Mzee wa Buruburu

Hongera, mwanangu, na Mungu amkuze binti huyo. Nimelea watoto wanne hapa Buruburu na sasa ni babu, kwa hiyo nitasema ninavyoamini. Weka gitaa kando kwa mwaka mmoja. Sisemi uliuze wala usilikatie tamaa, bali ulifungie ndani ya mfuko wake na uwaambie wenzako ukweli, ili watafute mtu mwingine mapema na wasije wakakulaumu karibu na Desemba.

Nasema hivyo kwa sababu ya Jumamosi. Mtu anayetoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku siku tano za wiki humkuta mtoto mchanga amelala au analia kwa uchovu wa jioni, na Jumamosi ndiyo mchana wa kwanza anaoweza kumwona akiwa macho na ametulia. Mchana huo ukienda Umoja, kinachobaki ni Jumapili, nayo ina ibada, wageni wa kumwona mtoto na nguo za kufua. Zamani baba aliweza kuwa mbali kwa sababu nyuma yake walikuwepo shangazi, nyanya na majirani waliojuana kwa majina. Katika majumba ya ghorofa tunayoishi sasa mke wako akizidiwa saa nane mchana hajui agonge mlango gani.

Kuhusu mama mkwe, mshukuru kwa vitendo. Mpe nauli kabla hajaitaja, na safari yake ya kurudi ipangwe na binti yake, usiipange wewe.

Mama wa Wawili, Donholm

Kaka, hongera kwako na kwa mkeo. Mzee wetu amesema kweli kuhusu Jumamosi, lakini naomba nipingane naye kwa heshima juu ya huo mwaka mzima. Mume wangu aliacha kabisa mpira wa mtaani mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, akiamini ananitendea wema. Hakuniuliza. Alikaa nyumbani kila wikendi, mwili upo na moyo haupo, akawa mwepesi wa kukasirika, nami nikajikuta nimebebeshwa lawama ya dhabihu ambayo sikuiomba. Alipoanza tena kucheza asubuhi moja kila baada ya wiki mbili, tukiwa tumekubaliana saa ya kwenda na saa ya kurudi, nyumba ilipata amani. Kwa hiyo swali lako la gitaa mpelekee mkeo, na umpelekee kama swali, lisiwe ombi la ruhusa wala tangazo la uamuzi. Mwambie hivyo ulivyotueleza sisi, pamoja na habari ya vidole. Mwanamke aliyejifungua juzi anajua vyema maana ya kuupoteza mwili uliouzoea na mambo aliyokuwa akiyaweza, na huenda akakuelewa upesi kuliko unavyodhani.

Lakini uende kwake ukiwa tayari kumuuliza yeye pia: alikuwa akipenda nini kabla ya ujauzito, na lini mara ya mwisho alitoka nje ya lango bila kumbeba mtu? Saa unazozitaka kwa ajili ya bendi, mpe yeye saa zile zile, na ndani ya saa hizo wewe ndiwe uwe na mtoto, asiachiwe nyanya yake. Hapo ndipo wanaume wengi wema wanapoteleza, kwa sababu muda wa baba huwekwa kwenye ratiba na muda wa mama huambiwa utapatikana mtoto akilala.

Sasa niseme kuhusu usiku, kwa kuwa ndiko ndoa inakochakaa. Mtoto wa umri huo hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, na maziwa huna, lakini kila kinachotangulia na kufuata kunyonya unakiweza. Ukirudi saa mbili, nawa, badilisha nguo za kazini, mpokee mtoto akishanyonya, umweke begani umcheulishe, umbadilishe nepi, umlaze chali, na mama alale moja kwa moja hadi mtoto atakapohitaji kunyonya tena. Saa mbili na nusu za usingizi zisizokatizwa mwanzoni mwa usiku zitamfaa kuliko maua ya dukani. Habari ya sebule ina dawa nyepesi: kabla mama mkwe hajalala, jaza thamosi moja ya uji na nyingine ya maji ya moto, uziingize chumbani pamoja na beseni dogo, nepi na kitambaa, ili usiwe na sababu ya kupita mbele ya mama usiku. Na mkeo, si wewe, amweleze mama yake kwamba unapenda kumshika mtoto jioni. Mama wengi hupokonya mtoto kwa kudhani wanampumzisha baba.

Jambo la mwisho, fikirieni mapema siku mkeo atakaporudi kazini. Ikiwa mtatafuta dada wa kazi, aje wakati mama mkwe bado yupo, ajifunze mikono ya nyumba hiyo, mtoto naye amzoee. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne nje ya friji ikiwa chumba hakina joto kali, na hadi siku nne ndani ya friji, kwa hiyo mazoezi ya kukamua na kuhifadhi yaanze kabla ya wiki ya kurudi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama muda kwa ajili hiyo mbali na mapumziko ya chakula. Mkeo aulize ofisini kwao sasa, akiwa bado yuko likizoni, ili chumba kitafutwe mapema.

Afisa wa Ajira, Upper Hill

Nafanya kazi ya kusimamia masuala ya wafanyakazi, nami nitajifunga kwenye upande huo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, wote kwa mshahara kamili. Wiki zako mbili umekwisha kuzitumia. Hata hivyo kifungu cha 28 kinakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi, na ushauri wangu ni kwamba usizimalize siku hizo Desemba kama wafanyavyo wengi. Tenga sehemu yake kwa wiki ile ambayo mkeo atarudi kazini, kwa kuwa ndiyo wiki ambayo dada wa kazi hajakaa sawa, mtoto anakataa chupa na mama analia ofisini.

Kuhusu saa za kazi, ghala huwa na kazi ya asubuhi na kazi ya jioni. Mwandikie meneja wako barua fupi ukiomba kuingia mapema zaidi na kutoka saa tisa au saa kumi kwa miezi michache, ukimwonyesha nani atapokea mizigo ya jioni na funguo zitabaki kwa nani. Maombi yanayokuja yakiwa na jibu la swali la meneja ndani yake hukubaliwa kwa urahisi, na yale yanayosema tu kwamba mtu ana mtoto mchanga huachwa mezani. Huko kutoka mapema kutakuepusha na foleni ya jioni pia, na saa unayoiokoa barabarani ni saa ya nyumbani.

Msisahau cheti cha kuzaliwa. Kumsajili mtoto kukipita miezi sita huhesabiwa kuwa kumechelewa na huongeza usumbufu. Mwandikishe pia kama mtegemezi wako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ili siku ya kuugua isiwe siku ya kutafuta makaratasi.

Mkunga wa Zamu ya Usiku, Kasarani

Baba mpya, mtoto wako ana wiki tano, maana yake wiki ijayo ana kliniki ya wiki ya sita. Nakusihi uende. Siku hiyo mtoto hupewa chanjo ya polio, ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano, ya nimonia na ya matone dhidi ya virusi vya rota, kisha zinafuata za wiki ya 10 na ya 14. Ni siku hiyo hiyo ambapo mama naye hupimwa: kidonda, shinikizo la damu, kunyonyesha, uzazi wa mpango na hali ya hisia zake. Beba kijitabu cha mama na mtoto, keti ndani ya chumba badala ya kungoja kwenye benchi la nje, na uulize.

Uliza hasa kuhusu kidonda. Mwanamke aliyepasuliwa hutembea na kutabasamu mbele ya wageni huku tabaka za ndani bado zinaunga. Asiinue kitu kizito kuliko mtoto, kwa hiyo ndoo za maji na kapu la nguo ni zako. Kuhusu unyumba, wengi hushauriwa wangoje hadi ukaguzi huu wa wiki ya sita, na hata baada ya hapo mwili unaonyonyesha huwa mkavu na mchovu. Hilo si dalili kwamba mapenzi yamepungua. Mshike mkono, mkande mgongo, mkae pamoja bila kulazimisha jambo lifike mahali fulani.

Neno huzuni katika ujumbe wako nimelisoma na sikulipita hivi hivi. Machozi na wasiwasi wa siku za kwanza kwa mama huwa vya kawaida na hupungua ndani ya wiki mbili, lakini hali ikizidi hapo, akakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au akajiona hafai, hiyo huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Wanaume nao huipata. Uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la JAMA ulikuta takriban baba mmoja kati ya kumi akiwa na dalili za sonona katika kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza, na idadi ilikuwa kubwa zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Kwa baba mara nyingi hujitokeza kama hasira, pombe, au kukawia kazini bila sababu. Sisemi unaumwa, kukikumbuka kitu unachokipenda ni jambo la kawaida kabisa. Nasema ujichunguze, na usingoje mpaka mtu mwingine akuone.

Mpiga Besi, Baba wa Mapacha

Ndugu yangu mpiga solo, nakuelewa kwa moyo wote. Mapacha wangu walipozaliwa nilikuwa napiga besi katika bendi ya kanisa na nyingine ya mjini, na nilichojifunza ni kutenganisha mambo mawili ambayo sisi wanamuziki huyafunga pamoja: kupiga ala na kuwa bendini. La kwanza usiliache hata wiki moja. Dakika kumi na tano za kila jioni bila amplifaya, ukiketi kando ya kitanda, zinatosha kurudisha sugu na kuviweka vidole katika mwendo wa benga, hasa ukichagua vipande viwili tu na kuvirudia polepole. Piga kwa ncha za vidole, uache plekta, kile kidude cha kukwanyulia nyuzi, na sauti haitamshtua mtoto. Wangu walilala kwa sauti hiyo, na walipofika miezi michache walikuwa wakigeuza kichwa waisikiapo.

La pili, yaani bendi, ndilo la kujadiliana na mkeo. Nakubaliana na dada wa Donholm kuhusu Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, ila kwa harusi za Desemba nasimama na Mzee. Mazoezi yana saa ya kuisha, harusi haina. Ukiahidi kupiga harusini utarudi alfajiri, na siku inayofuata utakuwa mtu wa kulelewa badala ya kulea. Watafutie wenzako mpiga solo wa kushikilia nafasi, umfundishe mwenyewe zile sehemu ngumu, nao watajua kwamba hujawatupa.

Baba Mpya, Kahawa West

Nawashukuru nyote, kila mmoja kwa jina lake. Jumapili mama mkwe alipokwenda kanisani nilizungumza na mke wangu kama mlivyonielekeza. Aliniambia kwamba anakosa kulisikia gitaa jioni, jambo ambalo sikulijua, na kwamba kinachomchosha zaidi ni kutojua nitaingia saa ngapi: akiambiwa saa tatu hujipanga kwa saa tatu, lakini kungoja bila kujua humfanya auhesabu kila mlio wa lango. Tumekubaliana kwamba nitamjulisha nikifika stejini kila jioni, kwamba mtoto ni wangu tangu nikishanawa hadi saa tano, na kwamba nitakwenda Umoja Jumamosi moja kwa kila mbili, kuanzia akishamaliza ukaguzi wa wiki ya sita. Jumamosi nyingine ni yake, na amesema ataanza kwa kwenda kusukwa nywele na kukaa na rafiki yake bila kuulizwa anarudi lini. Harusi za Desemba amekataa, nami nimewaarifu wenzangu. Haikuwa rahisi kwangu kuliandika hilo, na bado linaniuma.

Barua ya meneja nimeipeleka nikiwa nimeambatanisha mpango wa funguo na mizigo, na nangoja jibu. Mama mkwe amekubali kukaa hadi dada wa kazi apatikane. Ruhusa ya kwenda kliniki Alhamisi nimepewa. Mkunga, naomba kuuliza jambo moja: nimesikia kwamba watoto hupata homa baada ya chanjo hizo. Tufanye nini usiku huo?

Mkunga wa Zamu ya Usiku, Kasarani

Joto kidogo na kulialia jioni hiyo ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Mnyonyesheni mara kwa mara, mvisheni nguo nyepesi, na msipake wala kukanda kitu chochote pale alipochomwa sindano. Msimpe dawa ya homa kwa kukisia kipimo. Muulizeni muuguzi kabla hamjatoka kliniki, awaandikie. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, akikataa kunyonya, akilegea au kulia bila kutulia kwa saa nyingi, mrudisheni hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja asubuhi, maana kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu hatudhanii tu kwamba ni chanjo. Na usiku huo, baba, wewe ndiwe ukae macho.